Kigae cha Kuombea Moto

Mwaka jana mto ulipoingia kwenye nyumba za watu wa bondeni, mimi na wenzangu watano wa chuo kikuu tulijitolea kwenda kugawa ndoo, sabuni na mablanketi. Nilikabidhiwa fomu, karatasi moja kwa kila kaya. Maswali yalikuwa mepesi: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watoto, vitu vilivyopotea. La mwisho lilisema: tarehe ya kumalizika kwa msaada. Wenzangu waliandika tarehe ya siku ileile, maana ndoo ilishatolewa na sabuni ilishatolewa, kuna nini tena. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kalamu mkononi, mbele ya mama mmoja aliyekuwa akikwangua matope kwenye mguu wa kitanda, nikashindwa kuandika. Matope yale yalikuwa yakikauka juani na kutoa harufu ya udongo mbichi na sabuni kwa pamoja, na harufu hiyo ikanichukua hadi Muyinga, kwa shangazi yangu, ambaye alikuwa na jibu la swali lile na katika maisha yake hakuwahi kuona karatasi yenye kuliuliza.

Nyumbani kwetu ni Magarama, pale Gitega. Baba alikuwa fundi cherehani, mama aliuza vitambaa katika chumba cha mbele, na mimi niliuliza maswali. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kwa nini kuku akinywa maji anatazama juu. Kwa nini mwalimu anauliza kitu ambacho jibu lake analo mwenyewe. Mama alipokuwa na mimba ya mdogo wangu alisema hawezi kubeba mtoto tumboni na maswali masikioni kwa wakati mmoja, na likizo kubwa ilipofika nikapelekwa kwa Shangazi Mwajuma, dada mkubwa wa baba. Nilikuwa na miaka minane au tisa.

Shangazi alishona magodoro ya majani makavu, na nyumba yake yote ilinuka kama ng'ombe msafi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa miguu, asiyeweza kungoja kitu. Chai ikichelewa kuchemka aliinuka akaenda kufagia, akarudi, akaikemea. Maswali yangu aliyajibu kwa neno moja, "Nenda," kisha akanipa kitu cha kupeleka mahali.

Kila Jumatatu asubuhi wanawake saba walikutana uani kwake. Wengi walikuwa Waislamu wa mtaa ule, wengine Wakatoliki, na mmoja alikuwa mlokole aliyeomba dua ndefu kuliko wote mpaka Mama Hadija, jirani wa ukuta kwa ukuta, akajifanya kukohoa. Hawakuwa na jina. Watu wa mtaani waliwaita Wazimamoto, kwa utani, kwa sababu hawajawahi kuzima hata kibatari. Wao walifika moto ukishakwisha. Nyumba ikiungua, au mvua ikibomoa ukuta wa mtu, siku ya kwanza walikuwepo, kama kila mtu. Tofauti yao ni kwamba mwezi wa pili walikuwepo bado, wakati wale wengine wote wamesharudi kwenye shughuli zao na kuanza kumkwepa yule aliyeunguliwa, wasije wakaombwa.

Wiki ya pili ya likizo yangu, mchana kweupe, nyumba ya Mama Furaha iliungua.

Mama Furaha alitoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, na alikaa nje kidogo ya mji, nyuma ya kilima, upande wa njia ya Mwakiro. Alikuwa na watoto wawili: Furaha, wa umri wangu, na Bahati, ambaye hata kutembea alikuwa bado anajadiliana nako. Alikaanga vitumbura, yale maandazi ya duara, akaviuza karibu na soko, na watu walisema mkono wake hauna mwenzake: kitumbura chake kikianguka chini kinadunda. Siku hiyo alikuwa akikaanga, akaenda bombani mara moja, na aliporudi mafuta yalikuwa yameshika, kibanda cha nyasi cha jikoni kimeshika, na upepo wa kiangazi unasukuma moto kwenye nyumba. Watoto walikuwa nje wakicheza. Hakuna aliyeumia. Lakini kilichobaki ni kuta nyeusi na sinia moja la bati, limekunjamana kama sikio.

Ninapaswa kuhuzunika ninapokumbuka wiki zilizofuata, na siwezi. Zilikuwa wiki za furaha kubwa kuliko sikukuu yoyote. Shangazi alishona magodoro matatu kwa siku moja huku akitukana uzi. Kutoka Mwakiro alikuja bwana mmoja aitwaye Nyandwi, mkulima, anasukuma baiskeli iliyobeba matofali mengi hivi kwamba baiskeli yenyewe haikuonekana, ilikuwa kama ukuta unaotembea. Alikuja tena kesho yake, na kesho kutwa. Sisi watoto tulipewa kazi ya kukanyaga udongo wa kupakia kuta. Tuliingia shimoni, mimi na Furaha tumeshikana mabega, tope hadi magotini, na Mama Hadija akasimama ukingoni akitukosoa.

"Nyie watu wa Gitega mnakanyaga udongo kama mnaogopa kuuamsha," aliniambia.

Akaingia mwenyewe kutuonyesha, mwanamke wa mwili wake, akateleza, akakaa. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka yeye. Ilibidi watu wanne wamtoe, na tangu siku hiyo alidai kwamba ukuta wa upande wa jua kuchomoza ni wake, kwa sababu kila aliye na macho anaona umechukua umbo lake.

Nyumba ikasimama, na vigae vya paa vikapangwa. Walipeleka mikeka, sufuria, chumvi, unga, chupa tatu za mafuta, na kuni zikapangwa vizuri ukutani. Mimi nilifikiri kazi imekwisha. Lakini Mama Furaha hakuwasha moto.

Hakuwasha siku hiyo, wala wiki hiyo. Kuni zilikaa palepale zilipopangwa, buibui akaanza kujenga. Mama Furaha alikaa mlangoni, mikono yake katikati ya magoti kama vitu vya mtu mwingine alivyoachiwa avitunze. Shangazi alipomuuliza kwa upole, alijibu bila kuinua macho.

"Ile moto ilikula nyumba yangu, Mama Mwajuma. Sasa miye ndiyo niilishe tena?"

Wazimamoto hawakubishana naye. Walipanga zamu. Kila siku mwanamke mmoja alipika chakula, na mimi nilikivusha kilima, maharage na ugali ndani ya kitambaa, na kurudi na sahani tupu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa rafiki wa Furaha, na ndivyo nilivyosikia kutoka kwake kwamba mama yake ameanza kuzungumzia kurudi Uvira, kwa kaka yake, ambaye nyumba yake ilishajaa watu. Kukaanga ndiyo kazi pekee aliyoijua. Bila moto hakuna vitumbura, na bila vitumbura kulikuwa na nini cha kumkalisha Muyinga? Furaha aliniambia haya huku akichora gari kwenye vumbi, gari lenye watu watatu ndani.

Hapo ndipo wanawake wale walipoanza kunishangaza. Jumatatu moja Mama Hadija alikwenda kwa Mama Furaha, akapiga hodi, akaomba chumvi. Nilikuwepo. Chumvi yenyewe ilikuwa ileile aliyompelekea yeye wiki tatu kabla, nilikijua kikopo chake. Mama Furaha akampimia kijiko, na Mama Hadija akashukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe. Siku ya pili akaja yule mlokole kuomba sindano. Siku ya tatu mwingine akaja kuazima ungo. Nilihesabu, nikapanga, nikapata hitimisho langu: wanachukua vitu vyao. Wamechoka kutoa, wanaona aibu kuvidai waziwazi, kwa hiyo wanavirudisha kwao kidogokidogo, kijiko kwa kijiko. Niliwachukia kwa siku nzima.

Kisha Shangazi akaniita jikoni. Alikuwa na kipande cha chungu kilichovunjika, kigae kipana kama kiganja cha mtu mzima, chenye ukingo uliolainika kwa kushikwashikwa.

"Peleka hiki kwa Mama Furaha. Mwambie Shangazi anaomba moto."

Nilitazama meko yetu. Kuni zilikuwa zinawaka vizuri, maji yanachemka.

"Lakini Shangazi, moto si huu hapa?"

"Nimeuona," alisema. "Nenda."

Vilimani kwetu watu wameombana moto tangu zamani. Ukiamka ukakuta majivu yamepoa, unachukua kigae au kishungi cha nyasi kavu, unakwenda kwa jirani, unarudi mbiombio na kaa lako. Hilo nililijua. Nilichokuwa sikijui ni kwa nini umwombe moto mtu asiye nao, tena unaomuogopesha. Nilivuka kilima, nikasema nilichotumwa. Mama Furaha alikitazama kigae, kisha akaniambia nimwambie shangazi yangu kwamba hapa hakuna moto. Nikarudi. Shangazi akasema, "Sawa. Kesho."

Kesho yake nikaenda tena. Na siku iliyofuata. Kwa siku tano nilikwenda na kigae kitupu nikarudi na kigae kitupu, na kila mara jibu la Mama Furaha lilikuwa fupi zaidi. Siku ya sita hakujibu. Aligeuza uso ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika kidogo.

Mpaka leo sina hakika kama Shangazi alikuwa na haki. Nimelibishania jambo hili na wenzangu chuoni, mara nyingine upande wake, mara nyingine dhidi yake. Mtu ana haki ya kuogopa kwa muda anaoutaka, na huruma inayogonga mlango kila asubuhi inaweza kuwa namna ya ukatili. Lakini siku ile sikuwa na hoja, nilikuwa na hasira tu. Nikaamua kuwaachisha.

Karibu na barabara kuu palikuwa na mzee aliyechoma mishikaki ya mbuzi, Mzee Saidi. Nilimwambia shangazi yangu anaomba moto. Hakuuliza kitu, alichukua koleo akaniwekea makaa matatu mekundu juu ya kigae. Niliyafunika kwa majivu, nikazunguka njia ya mbali ili nionekane nimetoka nyuma ya kilima, nikaingia uani.

"Huu hapa," nilisema. "Ametoa."

Ilikuwa Jumatatu, wanawake wote saba wapo. Shangazi alikipokea kigae kwa mikono miwili. Akapeperusha majivu kwa pumzi, makaa yakang'aa, na Mama Hadija akainama, akanusa, akakunja uso.

"Huu moto unanukia mbuzi," alisema.

Shangazi naye akanusa. Akanusa tena. Kisha uso wake ukafunguka taratibu.

"Kumbe amepika nyama."

"Alhamdulillah," alisema Mama Hadija. "Mtu anayetamani mbuzi hajafa."

Walipiga vigelegele hadi kuku wakakimbilia kwa jirani. Yule mlokole aliomba dua, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekohoa. Shangazi alimwaga makaa yangu ya uongo ndani ya meko yake, akapikia chai juu yake, akanipa kikombe kizima chenye sukari ya mtu mzima. Watu wazima wale, wenye akili zao, walikuwa na makaa ya mishikaki mbele ya pua zao, wakaona walichotaka kuona. Nilikunywa chai yangu nikijiona mimi peke yangu ndiye mwenye macho. Walitaka moto, wamepata, sasa wamwache yule mama apumzike.

Siku ya pili asubuhi Nyandwi alikuja kutoka Mwakiro na debe la maharage mabichi. Shangazi alimpa habari kabla hajateremka kwenye baiskeli. Nyandwi alicheka, akakaa, akavua kofia yake ya pama na kuanza kusimulia, akiniangalia mimi kwa sababu wengine walishaijua hadithi. Kabla ya hapo sikujua kwamba mwaka uliotangulia, mvua za masika zilipojaza bonde la kwao, maji yalichukua nyumba yake, mbuzi wake na hata mlango, ambao alikuja kuuona siku tatu baadaye umekwama juu ya mti. Wazimamoto walikwenda hadi kule. Walimjengea. Na nyumba ilipokwisha, Shangazi akatokea na kikombe kitupu.

"Maji yalikuwa yameingia mpaka ndani ya mifuko yangu," Nyandwi alisema. "Mi sitaki hata kuona umande. Halafu huyu shangazi yako anasimama mlangoni, ananiambia, Nyandwi, nina kiu, nipe maji. Nilitaka nimrudishe mtoni akanywe kama ng'ombe."

"Ulinitukana," alisema Shangazi.

"Nilikutukana, ndiyo. Mara nne. Mara ya tano nikaenda kuchota." Aliizungusha kofia mkononi. "Donc, basi, siku hiyo ndiyo nilijua nina nyumba. Mtu asiye na nyumba, nani atapiga hodi kwake kuomba kitu?"

Nilikuwa nikichambua maharage. Vidole vyangu vilisimama.

"Na chakula tukakikata siku hiyohiyo," Shangazi aliongeza, kwa fahari ya fundi anayeeleza kazi yake. "Kumpelekea sahani mtu ambaye moto wake unawaka ni kumtukana. Ni kumwambia hatuamini."

Jana sikuitwa kuvusha sahani, nami nilidhani imepelekwa na mwingine; nikauliza, kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko nilivyotaka, kama jana Mama Furaha alipelekewa chakula.

"Apelekewe kwa nini?" alisema Shangazi. "Si anapika mbuzi."

Nilisema ninakwenda chooni. Nilipita jikoni, nikachukua kigae, nikachota makaa kutoka kwenye meko yetu, nikayafunika kwa majivu, nikafunga viazi vitamu sita ndani ya kitambaa, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nilivuka kilima kile kwa mwendo ambao sijawahi kuurudia, mkono mmoja mbele na moto, mwingine ukibana viazi, nikijaribu kukimbia bila kutikisika.

Furaha alikuwa mlangoni, amempakata Bahati. Chini palikuwa na maganda ya parachichi, mengi, yamekwanguliwa hadi yakawa membamba kama karatasi. Hakusimama kunipokea.

"Mama anasema mumechoka na sisi," alisema. "Anasema ni haki yenu."

Ndani, vitu vilikuwa vimeanza kufungwa. Niliona mikeka imekunjwa na kamba juu yake. Mama Furaha alitoka, akaona kigae mkononi mwangu, akaona kwamba safari hii kina moshi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama palepale, haraka, kabla sijapata muda wa kuyapunguza: kwamba hakuna aliyechoka, kwamba nilidanganya, kwamba moto niliupata kwa Mzee Saidi wa mishikaki na wamama wakaamini ni wake.

Alikitazama kigae.

"Mama Mwajuma hakujua?"

"Mama Hadija alinusa. Alisema moto wako unanukia mbuzi. Wakasema umepika nyama, wakapiga vigelegele."

Kitu kilitokea kwenye pembe ya mdomo wake. Alijaribu kukizuia. "Mbuzi," alisema. "Miye, na mbuzi." Akashika kizingiti cha mlango, akacheka, kicheko ambacho kilianza kama kikohozi na kuishia na machozi, na Bahati, ambaye hakuelewa kitu, akacheka pia kwa sababu mama yake anacheka.

Lakini kicheko hakikuwapa chakula, na kosa lilikuwa langu. Nikasema nitawapikia mimi. Nje, mbali na nyumba, mawe matatu ya jiko yalikuwa yamepangwa na Wazimamoto tangu siku ile nyumba ilipokwisha, safi, bila doa la moshi. Nilimwaga makaa katikati. Sasa, mimi nilikuwa mtoto wa Magarama. Kwetu tunapikia mbabula, jiko la makaa, na anayeliwasha ni mama. Nilichukua gogo kubwa kuliko yote la mkaratusi, nikaliweka juu. Nikaongeza la pili. Nikapiga magoti, nikapuliza kutoka juu kwa nguvu zangu zote, majivu yakaniingia machoni na moshi mweupe mzito ukainuka, ukatufunika mimi, Furaha na yule mtoto.

Mama Furaha alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, amegeuza uso. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Ile kuni ni mbichi," alisema.

Nilitoa gogo moja, nikaweka jingine.

"Hiyo nayo ni mbichi. Toa. We unaziba pumzi yake." Sauti ilikuwa imesogea. "Pulizia chini. Chini, si juu, unakipulizia nini kichwa chake?"

Nilipuliza chini. Kaa moja likazima. Yalibaki mawili, na moja lilikuwa linaweka rangi ya kijivu pembeni. Nilianza kulia, kwa moshi na kwa mengine.

"Toka hapo, we mtoto," alisema Mama Furaha, na nikaona miguu yake kando yangu. "Unatesa moto."

Alinisukuma kwa nyonga. Alichuchumaa. Akavunja vijiti vyembamba, kak, kak, akavipanga kama kiota, akachukua kaa lililobaki hai kwa vidole vyake mwenyewe, vidole vya mkaangaji visivyosikia joto, akaliweka ndani. Akavuta pumzi, akaiachia polepole, nyembamba, kama mtu anayemlaza mtoto. Moto ukashika.

Ulipopanda aliruka nyuma. Alisimama hatua mbili kutoka pale, mikono kifuani. Mwali ulikuwa mdogo, mrefu kama kidole. Uliyumba, ukalamba kijiti cha pili, ukaanza kulegea, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiulisha. Nilimwona Mama Furaha akiutazama ukilegea. Nilimwona akiuma mdomo. Kisha akasonya, sonyo refu la mtu aliyekerwa na kazi inayofanywa vibaya, akarudi, akaweka kuni.

Viazi viliiva. Watoto walikula, mimi nikala, na yeye akala akiwa amesimama, hakuacha kuangalia jiko. Alipomaliza alijifuta mikono, akaingia ndani, na nikasikia kamba ya mikeka ikifunguliwa. Alitoka na unga, sukari na chupa ya mafuta ambayo kifuniko chake kilikuwa bado hakijavunjwa.

Shangazi alinifuata. Alikuwa amekuta jiko lake limechotwa makaa na kigae hakipo, akajua kuna jambo. Alikuja na Mama Hadija na Nyandwi, na wanasema walipofika juu ya kilima wakauona moshi, Mama Hadija alikaa chini kwenye nyasi, akakataa kuinuka kwa muda. Walipoingia uani, vitumbura vya kwanza vilikuwa vinapinduka ndani ya mafuta, vinavimba, vinakuwa rangi ya asali, na Mama Furaha ameinama juu yake na mwiko, jasho kwenye paji la uso. Hakuinua kichwa.

Shangazi alijitengeneza mtandio. Akakichukua kigae pale nilipokiangusha, akakipangusa majivu, akapiga hodi kama vile amefika sasa hivi na hajaona chochote.

"Mama Furaha, habari za hapa. Tumekuja kuomba moto."

"Mungoje," alisema Mama Furaha. "Moto iko na kazi."

Akapindua kitumbura, akapindua cha pili. "Na we, Mama Hadija, ya leo haina mbuzi. Muulize huyu mtoto wenu."

Wote wakageuka kunitazama. Nyandwi akaficha uso ndani ya kofia yake. Shangazi alinitazama mimi, akatazama kigae, akatazama mwanamke yule aliyekuwa hana nafasi ya kumhudumia, na sikuweza kusoma usoni mwake kama nitachapwa au nitabusiwa. Kisha akatafuta tofali lililobaki, akaligeuza upande msafi, akakaa. Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kuingoja hata chai, alikunja miguu yake, akaweka kigae mapajani, akangoja.

Tulingoja hadi sinia likajaa.